Umeme umetosha, mtandao bado unazimika: soko la umeme wa akiba vyuoni Morogoro

Na Mwandishi Wetu

MKOA wa Morogoro hauna sababu ya kulia njaa ya umeme. Kituo cha Kidatu, ambacho mitambo yake ya kwanza iliwashwa mwaka 1975, kina uwezo wa megawati 204. Kihansi, kilichoanza kazi mwaka 2000, kina megawati 180. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, mpakani mwa Morogoro na Pwani, lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme katika gridi ya taifa Februari 2024, na kazi ya mitambo yote tisa ilikamilika mwaka 2025.

Pamoja na neema hiyo, wenye kompyuta chini ya milima ya Uluguru bado wananunua betri, UPS, inveta na jenereta. Wateja wakubwa ni vyuo vikuu. Wiki hii ukurasa huu unaangalia soko hilo kwa jicho la muuzaji na la mwenye akiba kidogo anayetafuta pa kuiweka. Hoja yetu ni moja: aina ya kukatika kwa umeme imebadilika, na vifaa vilivyonunuliwa kwa ajili ya tatizo la zamani havifai sana kwa tatizo la sasa. Atakayelielewa hilo mapema ndiye atakayeuza.

Tatizo limebadilika sura

Wafanyabiashara wa siku nyingi wanaikumbuka miaka ya mgawo: 1992, 1994, 2006 na 2011. Mvua zilikosekana, kina cha Mtera kikashuka, na Shirika la Umeme (TANESCO) likagawa umeme kwa zamu. Mgawo ulikuwa mchungu, lakini ulikuwa na ratiba. Mtu alijua umeme utaondoka saa ngapi na takriban saa ngapi utarudi. Kwa shida ya namna hiyo dawa ilikuwa jenereta kubwa la dizeli, kwa sababu saa za giza zilikuwa nyingi na zilijulikana.

Mwaka 2024 ulionyesha sura nyingine. Mwezi Machi mwaka huo TANESCO ilizima baadhi ya mitambo yake ya maji kwa sababu umeme uliozalishwa ulizidi mahitaji. Kisha, tarehe 1 Aprili, gridi ya taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Umeme ukiwa umezidi, watu walikaa gizani.

Somo lake kwa sokoni ni kwamba umeme kuwepo bwawani ni jambo moja na umeme kufika kwa mtumiaji ni jambo jingine. Kati ya Kidatu na kompyuta ya mhasibu wa chuo zipo nguzo, nyaya, transfoma na fyuzi. Uluguru nayo ina tabia zake. Mvua za masika huja na radi, matawi huangukia nyaya, na transfoma hulemewa pale mtaa unapokua haraka kuliko laini yake. Hitilafu za namna hii hazina ratiba. Pengine ni dakika tano, pengine saa mbili, na pengine umeme huenda na kurudi mara nne katika mchana mmoja. Kwa mashine za mtandao, huko kuwaka na kuzima mara kwa mara kunaumiza kuliko giza moja refu.

Kwa nini chuo ni mteja wa aina yake

Morogoro ni mji wa vyuo. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kilichoanzishwa kwa sheria tarehe 1 Julai 1984, kina kampasi kuu chini ya Uluguru. Upande mwingine wa mji, huko Mazimbu, kina kampasi ya Solomon Mahlangu, katika majengo ambayo wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliyakabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Njia ya kwenda Iringa kipo Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho kabla ya kupandishwa hadhi mwaka 2001 kilijulikana kama IDM. Msamvu kipo Chuo Kikuu cha Waislamu, katika majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha TANESCO yenyewe.

Taasisi kama hizi zilipoanza kuunganishwa na intaneti, njia ilikuwa setilaiti, kasi ilikuwa ndogo, na mtandao ulipokatika mwanafunzi alirudi kwenye daftari lake. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na mkongo wa taifa ukafuata mikoani. Tangu hapo kazi za chuo zimehamia ndani ya mtandao moja baada ya nyingine: usajili, matokeo, maktaba, mishahara, manunuzi.

Ada nayo imo humo. Tangu mfumo wa serikali wa malipo (GePG) ulipoanza mwaka 2017, malipo ya taasisi za umma hupitia namba maalumu ya malipo. Seva ikizimika wiki ya usajili, namba haitoki. Mwanafunzi akikosa namba, wakala wa pesa za simu anayekaa jirani na geti naye hana mteja siku hiyo. Mwenye stesheneri na mwenye hosteli hungoja vilevile, kwa kuwa kijana asiyesajiliwa hafungui mfuko. Hasara ya mtandao wa chuo haiishii ndani ya uzio wa chuo.

Kuna hasara nyingine isiyopigiwa kelele. Huduma ya intaneti hununuliwa kwa mwezi, kwa ukubwa wa njia na si kwa matumizi. Saa ambayo vifaa vimezimika imelipiwa tayari, na hairudishwi.

Kiungo dhaifu kiko kwenye kabati

Anayetaka kuuza umeme wa akiba sharti ajue mtandao wa chuo umejengwaje. Kipo chumba cha seva, chenye mashine kubwa na viyoyozi. Kutoka hapo nyaya za mkongo huenda kila jengo: madarasa, maabara, maktaba, ofisi za utawala. Ndani ya kila jengo kuna kabati dogo lenye swichi, na kutoka kwenye swichi hiyo ndipo kompyuta na mawimbi ya intaneti ya jengo zima hupata huduma.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni taasisi kumaliza bajeti yote kwenye chumba cha seva. Jenereta kubwa linafungwa, UPS kubwa inafungwa, picha za uzinduzi zinapigwa. Umeme ukikatika, seva zinaendelea kuwaka vizuri, lakini swichi za majengo thelathini zimezimika. Watumiaji wanaona giza tupu, na seva zinazungumza peke yake.

Mtego wa pili ni kiyoyozi. Seva hubaki hai kwa betri, lakini kiyoyozi kikiwa nje ya laini ya akiba, chumba huchemka na baada ya muda mashine hujizima zenyewe kwa usalama. Kwa joto la Morogoro la Desemba na Januari hilo halichukui muda mrefu.

Mtego wa tatu ni sekunde chache za mwanzo. Jenereta, hata lile lenye swichi ya kujibadili lenyewe, huhitaji sekunde kadhaa kuwaka na kutulia. Bila betri katikati, kila kitu huzimika na kuwaka upya, na swichi moja huweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kurudi kazini. Kukatika kwa sekunde kumi kunageuka kuwa robo saa bila huduma.

Kwa hiyo maboresho yenye akili huanza mwisho wa mnyororo. UPS ndogo ya ofisini yenye betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7 ina nguvu ya wati-saa 84 tu kwa karatasi. Ikibeba kabati la wati 150, hudumu kiasi cha dakika 15 hadi 20 ikiwa mpya, na baada ya mwaka mmoja au miwili katika kabati lenye joto haifiki hata hapo. Betri moja ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100, ikiwa na inveta yake, hubeba kabati hilo hilo zaidi ya saa sita. Kwa hitilafu nyingi za siku hizi, hiyo inatosha bila jenereta kuguswa.

Hesabu ya jenereta

Tuweke namba mezani. Ni namba za mfano, si hesabu za chuo chochote, na msomaji anaweza kubadilisha kila moja kwa ile anayoijua.

Tuchukue jenereta la kVA 100 linalobeba mzigo wa kilowati 20, yaani robo ya uwezo wake. Kwa mzigo huo hunywa takriban lita 8 kwa saa. Tuseme umeme hukatika saa 10 kwa wiki, na tuhesabu wiki 50 za mwaka: saa 500, lita 4,000. Kwa dizeli ya Sh. 3,000 lita moja, ni Sh. 12,000,000 kwa mwaka. Jenereta limetoa uniti 10,000, hivyo kila uniti imegharimu Sh. 1,200 kwa mafuta pekee. Linganisha na bei ambayo EWURA iliipanga mwaka 2016 kwa kundi la T2: Sh. 195 kwa uniti, kabla ya gharama ya mahitaji ya juu. Uniti ya dizeli ni zaidi ya mara sita.

Ongeza oili na filta. Majenereta mengi ya ukubwa huo hudai huduma kila baada ya saa 250, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka. Tena jenereta kubwa linaloendeshwa kwa mzigo mdogo kwa muda mrefu haliunguzi mafuta yote, hutoa moshi na masizi, na uhai wake hupungua. Wengi walinunua kVA 100 kwa kuhofia mgawo, na sasa linawashwa kwa ajili ya dakika ishirini.

Mfanyabiashara asisahau kwamba bei za mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Mteja mwenye jenereta ana bajeti inayobadilika mara 12 kwa mwaka, na hiyo ni hoja ya kuuzia betri.

Hesabu ya betri

Sasa tuseme betri zinabeba saa 7 kati ya zile 10 za kila wiki, na jenereta linabakiwa na saa 3 za matukio marefu. Mafuta yanayookolewa ni lita 2,800 kwa mwaka, sawa na Sh. 8,400,000. Betri nazo huchajiwa kwa umeme wa TANESCO. Ukiweka upotevu wa asilimia 15, ni uniti karibu 8,200, sawa na Sh. 1,600,000. Faida halisi ni kiasi cha Sh. 6,800,000 kwa mwaka.

Gharama je? Kubeba kilowati 20 kwa saa mbili kunahitaji betri za uniti 50 hivi, ili zisikamuliwe hadi mwisho. Kampuni ya utafiti ya BloombergNEF ilikadiria kuwa wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani ulikuwa dola 139 kwa uniti mwaka 2023 na dola 115 mwaka 2024. Hiyo ni bei ya wanunuzi wakubwa. Ukiweka meli, bandari, inveta na ufundi, bei ya Morogoro ni nyingine kabisa. Tuseme dola 300 kwa uniti: dola 15,000, na kwa dola moja Sh. 2,600 ni Sh. 39,000,000. Fedha inarudi baada ya miaka karibu sita. Ikiwa muuzaji ataweza dola 200, ni Sh. 26,000,000, na inarudi kabla ya miaka minne kwisha.

Tofauti hiyo ya dola 100 ndiyo biashara yenyewe. Kwa dola 300 mhasibu wa chuo atasita. Kwa dola 200 atasaini. Anayeweza kuagiza kwa wingi, au kuungana na wenzake watatu wajaze kontena moja, atamshinda anayenunua Kariakoo betri mbili mbili.

Aidha, mnunuzi asidanganywe na bei ya kwanza. Betri kavu za risasi na asidi ni rahisi kununua, lakini ukizikamua kila siku hudumu mizunguko ya mamia machache, wakati zile za lithiamu na fosfati ya chuma huhesabiwa kwa maelfu. Joto nalo huzila: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka juu ya nyuzi 25, uhai wa betri ya risasi hupungua kwa nusu hivi. Kabati lisilo na tundu la hewa chini ya bati la Mazimbu ni kaburi la betri. Wahenga walisema rahisi huwa ghali.

Jua lisaidie

Betri hufanya kazi umeme ukiondoka, lakini sola huingiza fedha hata siku ambayo umeme haukukatika. Kwa makadirio ya tahadhari ya uniti 4 kwa siku kwa kila kilowati ya paneli, paneli za kilowati 20 juu ya paa la chuo hutoa uniti 80 kwa siku, karibu 29,000 kwa mwaka. Kwa Sh. 195 ni zaidi ya Sh. 5,600,000. Mzigo wa mtandao una sifa nzuri: haulali, hivyo kila uniti ya mchana ina pa kwenda.

Tahadhari ni mawingu. Kuanzia Machi hadi Mei Uluguru hujifunika, na mavuno ya paneli hushuka katika miezi ile ile ambayo radi na upepo huangusha nyaya. Kwa hiyo sola haiondoi jenereta. Mpango unaosimama ni wa ngazi tatu: betri kwa dakika na saa za kwanza, jua kwa kupunguza bili, na jenereta dogo linalolingana na mzigo kwa usiku mrefu wa gridi kuanguka. Ngazi ya nne ni waya wa ethi na kinga ya radi. Ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa.

Mlango wa kuingilia

Vyuo vya umma hununua kwa zabuni. Tangu Oktoba 2023 mfumo wa NeST umechukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS, na asiyejisajili humo hana habari ya zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi vijana wa Kihonda kilichosajiliwa kinaweza kubadilisha betri za makabati thelathini bila kungoja kampuni ya Dar es Salaam.

Fedha za vyuo nazo si za kubahatisha. Mradi wa HEET, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 mwaka 2021, unahusisha vyuo vikuu vya umma, SUA na Mzumbe vikiwemo. Majengo mapya ya mradi huo yatakuwa na makabati, na makabati yatadai betri.

Ushauri wetu kwa muuzaji: usiuze boksi, uza matunzo. Betri hufa kimya. Taasisi nyingi hugundua UPS imekufa siku umeme unapokatika. Mkataba wa kupima kila betri mara nne kwa mwaka, kubadilisha kwa zamu na kuondoa zilizochakaa unampa muuzaji kipato cha kila robo mwaka, na chuo nacho hakitashtukizwa. Betri kuukuu zina soko lake kwa wayeyushaji wa risasi, lakini ni taka hatarishi. Kanuni za mazingira za mwaka 2021 zinadai kibali, na kumwaga asidi mtaroni ni kosa.

Mnunuzi naye apime mzigo kwa mizani. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na uzito wa karibu kilo 30, na ya lithiamu ya kiwango hicho kilo 11 hadi 13. Lebo ikisema 100 na betri ya risasi ikawa nyepesi mkononi, lebo imesema uongo. Muuzaji kwa upande wake apange mtaji wa kungojea malipo. Zabuni ya umma hailipi kesho yake, na aliyekopa kwa riba ya mwezi anaweza kushinda zabuni akafilisika.

Kwa mwenye akiba kidogo

Asiye na duka wala fundi hana kampuni ya betri ya kununulia hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Njia iliyopo ni hatifungani. Mwaka 2023 Benki ya CRDB iliuza Hatifungani ya Kijani kwa riba ya asilimia 10.25 kwa mwaka. Ilitafuta Sh. bilioni 40 ikapata zaidi ya Sh. bilioni 171, na fedha hizo zilikusudiwa miradi ya mazingira, nishati jadidifu ikiwamo. Anayenunua hatifungani kama hiyo sokoni aangalie bei ya siku na muda uliobaki, asitazame riba ya kwenye karatasi peke yake.

Mtazamo wa soko

Kwa maoni yetu jenereta kubwa jipya kwa ajili ya mtandao wa chuo ni bidhaa inayopoteza soko Morogoro. Jenereta dogo, betri ya lithiamu ya kabati, waya wa ethi na mkataba wa matunzo ni bidhaa zinazopanda. Lakini hesabu zote zilizotangulia zinasimama juu ya namba moja: umeme hukatika saa ngapi kwa wiki, na kila mara kwa muda gani. Chuo chenye mikato mingi mifupi na chenye mikato michache mirefu havihitaji kifaa kimoja, hata vikipakana.

Namba hiyo huandikwa na mlinzi au fundi wa zamu, kwa kalamu: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi. Miezi mitatu ya kumbukumbu hizo itamfaa mnunuzi kuliko katalogi ya muuzaji yeyote, na muuzaji atakayeziomba kabla ya kutaja bei ndiye wa kusikilizwa. Mali bila daftari huisha bila habari.